Kilmichael: nendeni, lakini msikubali kuharakishwa

Nimefika mara mbili Kilmichael, kona ya barabara mashambani huko Ireland ambako mwaka 1920, katika vita vya kudai uhuru kutoka Uingereza, wapiganaji wa Ireland walikivizia na kukishambulia kikosi cha Uingereza. Mara ya kwanza nililipia ziara ya siku moja kutoka mjini Cork, kibasi pamoja na mwongozaji. Mara ya pili nilikwenda na gari langu. Ziara ile simshauri mtu, ila mahali penyewe nawasihi mfike.

Tulipewa dakika 20 tu. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo mwongozaji akasimulia kila kitu tukiwa tumekaa, vioo vimejaa ukungu, halafu tukashuka kupiga picha kwenye mnara wa kumbukumbu. Majina na tarehe alizijua vizuri. Lakini nilipomuuliza kuhusu madai ya kujisalimisha kwa uongo, alinijibu kwamba jambo hilo lilishakwisha, na safari ikaendelea. Halijakwisha. Tom Barry, aliyeongoza shambulizi lile, alieleza kwamba baadhi ya maadui walipaza sauti kuwa wanajisalimisha kisha wakafyatua tena risasi, ndipo akaamuru wapigwe hadi mwisho. Wapo wanahistoria wanaoyapinga maelezo hayo, na ubishi ni mkali mpaka leo. Mtu aliyelipa nauli anastahili kuambiwa pande zote mbili.

Mimi ni dereva wa lori, na kona ile nilitaka kuiona kwa miguu yangu. Safari ya pili niliacha gari mbali, nikatembea nikitokea upande wa Macroom, ambako Auxiliaries walikuwa na kambi yao. Hawa walikuwa maofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza walioletwa kuwaongezea polisi nguvu. Jumapili ya tarehe 28 Novemba 1920 walikuja 18, katika malori mawili aina ya Crossley. Waliokuwa wakiwasubiri ni wapiganaji 36 wa West Cork, wa IRA, jeshi la wapigania uhuru wa Ireland. Walikuwa wametembea usiku kucha kwenye mvua, kisha wakalala juu ya majabali yale tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, nguo zimelowa.

Ukifika kwenye kona utaelewa bila kuambiwa. Hapo dereva yeyote anaondoa mguu kwenye mafuta, apende asipende. Majabali yako karibu na lami kiasi kwamba mtu aliyelala juu yake angeweza kumwona dereva usoni. Ng'ambo ni nyasi na tope, na nilipojaribu kukanyaga, kiatu kilizama hadi kifundoni. Hakuna pa kukimbilia, kwa yeyote kati yao. Barry, kijana wa miaka 23 aliyewahi kuwa askari wa Uingereza huko Mesopotamia, alisimama barabarani amevaa koti la kijeshi, na lori la mbele likapunguza mwendo. Bomu alilorusha liliangukia pale alipokaa dereva. Nilisimama hapo muda mrefu. Nimeshika usukani miaka 11, na sikuweza kuacha kumfikiria mtu yule aliyepunguza mwendo kwa sababu ameona mtu njiani.

Auxiliaries 16 walikufa papo hapo. Mmoja alitoroka, akakamatwa na kuuawa baadaye. Mmoja aliyedhaniwa amekufa alipona. Upande wa IRA walikufa watatu: Michael McCarthy, Jim O'Sullivan na Pat Deasy, mtoto wa miaka 16. Umri huo ulinikaa kifuani njia nzima ya kurudi. Tarehe 10 Desemba Uingereza ilitangaza utawala wa kijeshi Cork na kaunti jirani, na usiku uliofuata askari wake walichoma moto katikati ya mji wa Cork. Kwenye kibasi hayo hatukuyasikia, wakati ndiyo yanayokuonyesha uzito wa kona moja ya mashambani.

Kiingilio hakuna, mahali pako wazi kando ya barabara na mbao za maelezo zipo, zisome zote. Vaeni viatu visivyoingiza maji na mwangalie magari, maana barabara ni nyembamba na bado inatumika. Mkiweza, nendeni Novemba, mfike kabla ya saa kumi jioni, mkae mpaka mwanga uanze kufifia. Kisha mpitie makaburi ya Castletown-Kinneigh, walikozikwa wale watatu. Ziara yangu ya kwanza haikufika huko kabisa.