Feni ya Hadi Diski: Mwanza Tunaihitaji Kweli?

Mwangaluka ndugu watazamaji, karibuni. Hiki nilichoshika ni kibamba chenye feni mbili ndogo, kinafungwa kwa skrubu chini ya hadi diski (hard disk, kifaa cha kompyuta kinachotunza mafaili) ya inchi 3.5 na kinachukua umeme wa volti 12 kutoka pawa saplai. Wauzaji wengine wanasema bila kitu hiki diski yako haifiki mbali. Maneno hayo lazima tuyapime, maana diski ikifa inaondoka na video za harusi za watu na hesabu za duka.

Diski nyingi za aina hii zimetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi 60 hivi. Ikiwa kazini inakula wati 5 hadi 10, na karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto. Sasa angalia tulipo: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mchana tunacheza kwenye nyuzi 28 hivi na usiku kunapoa. Hatuna joto la Dar.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zao zaidi ya 100,000. Walitegemea kuona zenye joto zikifa kwa wingi. Hawakuona hivyo. Zilizokuwa baridi sana ndizo zilizosumbua zaidi, na joto kali lilianza kuonyesha madhara kwa diski zilizokwisha kula miaka kama 3 na kuendelea.

Hapa kwangu nimeijaribu kwenye kompyuta ya mezani ninayohariria video, mchana, huku nikinakili mafaili makubwa. Joto nimelisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Bila feni ilipanda mpaka 46. Na hiki kibamba ikatulia kwenye 37. Kwa hiyo kupoza, kinapoza, sitaki kukinyima haki yake. Kisha nikakitoa, nikafunga feni ya kawaida ya milimita 120 mbele ya kasha, ikivuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye diski. Ikasoma 39! Nyuzi mbili tu tofauti, na hiyo moja inapoza na vifaa vingine vyote vya ndani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mtetemo. Beringi za feni hizi ni dhaifu, zikichakaa zinatetemeka, na zimeshikana na diski yenyewe. Ndani ya diski, kichwa kinachosoma data kinaelea juu ya sahani inayozunguka kwa nanometa chache. Kikitikiswa kinakosa mstari, kinarudia kusoma, na kazi inakuwa nzito. Halafu kuna wadudu wa ziwani. Mliopo Capri Point, Kirumba na visiwani mnawajua, usiku wanajaa kwenye taa mpaka ukuta hauonekani rangi. Nimefungua kompyuta za kando ya ziwa nikakuta wadudu na vumbi vimegandamana kwenye mapanga ya feni. Kibamba kikiziba hivyo, diski inakosa hata ile hewa ya kawaida iliyokuwa inapita chini yake.

Nani anunue? Mwenye kasha la zamani lisilo na nafasi ya feni ya mbele, tena diski zake zimebanana mbili tatu. Huyo achukue, na aisafishe mara kwa mara. SSD za kawaida za SATA, yaani diski zisizo na sahani inayozunguka, hazihusiki kabisa hapa.

Wanaonisikitisha ni wenye DVR, yale masanduku ya kurekodi picha za kamera za ulinzi. Diski yao inaandika usiku na mchana, sanduku limewekwa juu ya kabati chini ya bati, pengine juu yake kuna kisimbuzi. Na humo kibamba hiki hakiingii, kwa sababu diski imefungwa kwenye sakafu ya sanduku. Teremsheni hilo sanduku, liacheni lipumue pande zote. Nyie wa vibanda vya kurusha muvi, diski ya nje msiifunike na daftari wala kitambaa inaponakili.

Na mkishafungua hiyo programu, msiishie kwenye namba ya joto. Tazameni hali ya diski na idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vibovu vya diski ambavyo nafasi yake imechukuliwa na vya akiba. Hizo zikianza kuongezeka na alama ikageuka njano, feni haitaiokoa: nakili kazi za wateja kwenye diski nyingine leo hii, kabla hujazima mashine.