Mabawa manne ya paraglaida juu ya Bonde la Kerio: yanavyoshikika hewani

Mabawa niliyolinganisha yote ni ya kampuni ya Ozone, na yote nimeyarushia ukingo wa Iten, Kenya: Mojo 6 ya daraja la EN-A (EN ni kipimo cha usalama cha Ulaya, na A ndilo daraja pole kuliko yote), Buzz Z6 ambayo ni EN-B ya chini, Rush 5 ambayo ni EN-B ya juu, na Photon, EN-C yenye safu mbili tu za kamba. Uzito wote, yaani rubani, bawa, kiti na parashuti ya akiba, niliuweka kwenye theluthi ya juu ya mipaka ya kila bawa. Mkanda wa kifuani niliufunga karabina, yaani kulabu zinazounganisha kiti na bawa, zikiwa sentimita 44 mbali. Usipofanya hivyo ulinganisho hauna maana: uzito ukipungua kwa asilimia 10, mwendo hushuka kwa kama asilimia 5, breki, yaani kamba za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, zinalegea, na bawa zuri linaonekana zembe.

Kwanza kuondoka. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina kama asilimia 79 ya uzito wa hewa ya pwani. Bawa linaloruka kilomita 38 kwa saa Diani litahitaji karibu 43 hapa. Aliyezoea chini huketi mapema, na makalio yanaburuzwa kwenye majani. Endelea kukimbia hata ukihisi umeshabebwa. Mojo hupanda polepole na kutulia yenyewe juu ya kichwa. Rush ikipigwa na upepo wa mashariki inaweza kukupita, basi ishike kwa breki kabla haijafika juu kabisa. Photon itandaze kwa umbo la upinde, katikati ijae kwanza. Ukiitandaza mstari mnyoofu, ncha zinatangulia na kuelekea kukutana. Upepo ukizidi, geuka ulitazame bawa na utembee kulielekea linapopanda, usilivutie kwako.

Tofauti kubwa utaikuta ndani ya hewa moto inayopanda. Kwenye Mojo sentimita kama 10 za mwanzo za breki hazifanyi kitu, halafu bawa linageuka taratibu na kujilaza kidogo. Kiini cha hewa kikiwa chembamba, kama kilivyo mara nyingi karibu na miamba, linachelewa na unajikuta umetoka upande wa pili. Buzz inageuka kwa breki ileile bila kukushtua. Rush ndiyo tamu zaidi kwangu: egemeza nyonga kwanza, vuta breki ya ndani, kisha rekebisha upana wa mduara kwa breki ya nje. Wengi huisahau hiyo ya nje, halafu wanalilaumu bawa kwamba linapiga mbizi.

Angalia pia nafasi iliyobaki chini ya mkono. Kwa uzito wote wa juu wa kilo 80 hadi 100, jaribio la EN linataka breki ya daraja A ivutwe zaidi ya sentimita 60 kabla bawa halijazimika, yaani halijapoteza nguvu ya kubeba. Kwa C inaruhusiwa kuwa 45 hadi 60. Mkono uliozoea A ukihamia C na kuvuta vilevile ndani ya hewa dhaifu, upande mmoja unazimika na bawa linazunguka kama pia. Dawa ni kuachia breki mara moja, usingoje lizunguke.

Photon ina tabia ya pekee. Mabawa mengine yakikutana na hewa inayopanda hulala nyuma, nawe unaachia breki ili yaingie. Hili linajivuta lenyewe kuingia. Anayelibana kwa hofu hupoteza kile alicholipia.

Ukifuata ukingo wa bonde kuelekea kaskazini utahitaji pedali ya kasi, ile inayosukumwa kwa miguu. Hapo usiguse breki: ukingo wa mbele umeshainamishwa, na kuupinda ule wa nyuma hualika kukunjika kwa mbele. Kwenye mabawa ya safu tatu vuta kidogo mikanda ya C, yaani inayoshika safu ya nyuma ya kamba; kwenye Photon tumia vishikio vya mikanda ya B, ambavyo vinatuliza bawa zima. Kwa starehe hii safu mbili hazina mpinzani.

Bawa likikunjika upande, achia pedali kwanza, egemea upande ambao haujakunjika, kisha breki ndogo ya kushika mwelekeo. Mojo itakuwa imeshafunguka. Bawa refu la daraja C ncha yake hunaswa kwenye kamba kwa urahisi zaidi. Tafuta kamba ya ncha na uivute mpaka itoke. Ijue rangi yake ukiwa ardhini.

Kutua bondeni, Photon inataka uwanja mrefu. Ukiona vumbi linazunguka chini, baki juu.

Kwa anayekuja Kerio msimu wa Januari na Februari ningempa Buzz. Rush ni ya anayeruka mara kwa mara mwaka mzima.

Ukinunua lililotumika, pima kamba kabla ya kulihukumu. Kamba za nyuma hubeba mzigo mdogo na nyingine husinyaa, mbele zikinyooka. Bawa linapanda kwa uvivu na kukaribia kuzimika hata mikono ikiwa juu. Mpelekee fundi aliyeidhinishwa apunguze mizunguko ya kamba kwenye viungo vya mikanda ya nyuma, kisha lipimwe tena kila baada ya saa 100 au miaka 2.