"Dada, hapa umeleta maji": uzoefu wangu na kipimo cha urujuanimno

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyohivyo.

Juzijuzi nilipeleka kwenye maabara moja ya kulipia sampuli ya peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) nilizozitoa kwenye maziwa yaliyochachushwa. Mashine yenyewe hupitisha mwanga wa urujuanimno kwenye sampuli na kupima unafyonzwa kiasi gani. Kijana wa mashine akaiweka, akabonyeza 280, yaani urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita, akanigeukia: "Dada, hapa umeleta maji." Wenzake wakacheka.

Maji! Sampuli hiyohiyo nilishaipima mwenyewe ikazuia ACE, kimeng'enya kinachochangia kupandisha shinikizo la damu. Nikamweleza kwa upole (wakati huo bado ninao) kwamba kwenye nanomita 280 kinachoonekana hasa ni asidi amino mbili, triptofani na tairosini. Ninayoitafuta mimi ni valini-prolini-prolini, asidi amino tatu tu, na hizo mbili hazimo. Mashine ione nini hapo? Soma 214, kule kifungo cha peptidi chenyewe ndicho kinachofyonza mwanga.

"Mashine haidanganyi, dada."

Akasoma 214 shingo upande. Namba ikapaa mpaka juu kabisa. "Haya, umefurahi?" Nikamwambia aweke maji matupu. Namba ileile! Kyuveti, kile kichupa cha kuwekea sampuli, ilikuwa ya plastiki ya urujuanimno: kwa 280 inafaa, lakini kule chini kwenye 214 inameza mwanga yenyewe kabla haujafika kwenye sampuli. Nikaomba ya kwatzi. Ikatafutwa weee, ikatoka kabatini imeviringishwa karatasi kama kito cha urithi.

Sasa maji yakasoma karibu na sifuri, na sampuli yangu ikasomeka vizuri. Sikusikia samahani, ila nilikuwa tayari kuwasamehe, maana kipimo chenyewe nakipenda: ni cha dakika chache, na sampuli unaondoka nayo nzima.

Kisha nikapewa ripoti: "Peptidi ya kushusha presha imetambuliwa."

Imetambuliwa na nani? 214 inakuambia vifungo vya peptidi vipo, basi. Peptidi nyingine yoyote ingesomeka vilevile, na hata bafa fulani (vimiminika vya kutuliza uasidi wa sampuli) zingepandisha namba. Jina unalipata kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, na huko sampuli yangu haikupita. Yaani asubuhi nimeleta maji, mchana nimeleta dawa ya presha, chupa ni ileile!

Nisiende tena? Ningesema hivyo, ila mashine yao ni nzima na taa yake haiyumbi. Kyuveti ya kwatzi nimeshaagiza yangu. Wao waniwashie taa tu, ripoti nitaandika mwenyewe.