Saccos yetu imebadilika, nawapa nyota 4

Jamani Moshi ushirika tunaujua toka KNCU, kile chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha 1933, ila saccos yetu bodi ilikua wazee watupu wa kijiji kimoja, wote wa kahawa, kwahiyo marejesho yakapangwa kwa msimu wa mavuno na mkutano jumamosi, Wapare wasabato hawaji kabisa, na sie wa mbogamboga tunaozungusha hela kila siku tukaonekana wasumbufu. Sahivi kwenye bodi kaingia mama wa mitumba, dereva boda na kijana wa Kimasai anayeuza mbuzi, basi marejesho ya wiki yapo, mkutano jumapili mchana. Vikao virefu mpaka chai inapoa, wanabishana balaa!! lakini mkopo wangu wa laki 5 umetoka ndani ya siku 4. Nyota moja nimebana, kaunta mhudumu mmoja tu.