Siku nne bila watoto katikati ya likizo ya shule: hoteli mbili tulizolala

Wifi yangu alipiga simu Jumatatu jioni. Akasema Jumatano asubuhi anapita na gari kuwachukua watoto wote wawili, watakaa naye hadi Jumapili. Mume wangu alikuwa chini ya sinki anakaza bomba. Aliposikia aliweka spana sakafuni, akanitazama, na hakuna aliyehitaji kusema neno. Mara ya mwisho kulala mahali sisi wawili tu, mtoto wetu wa pili alikuwa hajazaliwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Sauti za watoto ndiyo kazi yangu na naipenda kwa moyo wote, lakini likizo yangu ni likizo yao. Mwenye kazi nyingine anaweza kusubiri shule zifunguliwe, hoteli zipungue watu, ndipo aende. Mwalimu hana njia hiyo. Siku ninazoweza kupumzika ndizo siku ambazo kila bwawa la kuogelea limejaa watoto wa umri ule ule ninaowafundisha. Kwa hiyo nilikuwa na siku moja na nusu ya kutafuta mahali pa watu wazima tu, katika msimu mgumu kuliko yote.

Ndege tuliiondoa mapema. Wengi tunadhani tiketi hushuka bei siku za mwisho ili viti visiende vitupu. Mara nyingi mambo huwa kinyume, kwa sababu anayekata tiketi siku mbili kabla ya safari huwa ana msiba au ana kikao, na shirika linajua atalipa tu. Vyumba vya hoteli vina tabia tofauti. Hoteli nyingi hukuruhusu kughairi bila malipo mpaka saa 24, 48 au 72 kabla ya siku ya kuingia, na watu wana mazoea ya kushika nafasi sehemu mbili tatu, kisha muda ukikaribia kuisha wanaachia zile wasizozihitaji. Nilijionea mwenyewe. Jumatatu usiku kila nilipogusa paliandikwa pamejaa. Jumanne adhuhuri, sehemu zile zile, vyumba viwili vitatu vikawa vimerudi, na vyote vilikuwa vya watu wawili. Vya familia huwa vimekwisha miezi mingi nyuma, ila kile chumba kidogo chenye kitanda kimoja hubaki kikielea mpaka dakika za lala salama. Kwa wawili wanaotafuta kwa haraka, hapo ndipo pa kutega.

Nilitafuta kwa maneno "watu wazima pekee". Mume wangu akauliza kama kuwakataza watoto hotelini kunaruhusiwa hata kisheria. Inategemea nchi, lakini kesi moja inajulikana vizuri: mwaka 2020 mahakama ya juu ya shirikisho nchini Ujerumani ilikubali kwamba hoteli ya mapumziko inaweza kuweka umri wa chini wa miaka 16, baada ya familia yenye watoto watano kukataliwa nafasi na kushtaki. Wazo lenyewe si la jana. Jamaica walianza zamani: hoteli ya Couples ilifunguliwa kwa ajili ya wawili wawili mwaka 1978, na mwaka 1981 mfanyabiashara Gordon Stewart akafungua hoteli ya Sandals pale Montego Bay. Siku hizi hata meli zipo. Kampuni ya meli za kitalii ya Virgin Voyages haipandishi abiria aliye chini ya miaka 18.

Kinachosumbua ni kwamba maneno hayo matatu hayana maana moja. Kuna mahali yana maana ya miaka 18, kwingine 16. Kuna wanaosema "tunapendelea watu wazima", na hiyo maana yake mtoto akija anapokelewa. Kuna hoteli ambayo kilichotengwa kwa watu wazima ni jengo moja tu, na kuna ambayo ni bwawa moja tu. Hili la mwisho ndilo lililotupata.

Tulifika Jumatano saa tisa mchana. Mahali pazuri, siwezi kupanyima sifa yake: bustani imetunzwa, mapokezi wana adabu, chumba kisafi. Tulibadili nguo tukashuka bwawani. Mlangoni palikuwa na kibao cha mbao, "Miaka 16 na zaidi". Nilipoinama kuvua ndala niliona kwenye vigae nyayo za maji, ndogo, vidole vitano vitano vimeachana, zinatoka bwawani kuelekea kwenye ngazi. Nilizijua nyayo hizo. Ni za mtoto wa miaka minne au mitano aliyekuwa anakimbia, kwa sababu kisigino hakikugusa chini.

Msichana wa mapokezi alinieleza kwa upole. "Bwawa hili ndilo la watu wazima, mama. Hoteli ni ya wote. Na watoto wanakatiza hapa kwenda bwawa lao." Nilifungua tena tangazo kwenye simu. Kichwa cha tangazo kilisema watu wazima pekee, bila nyongeza yoyote. Maelezo kwamba hilo linahusu bwawa moja yalikuwa chini kabisa, baada ya picha ishirini na kitu, na katika picha zote ishirini hakuna mtoto hata mmoja.

Ningevumilia mchana. Usiku ndio ulionimaliza. Chumba chetu kilikuwa na ule mlango wa ndani unaounganisha vyumba viwili ili familia ichukue vyote. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, lakini mlango wa mbao si ukuta. Kila neno la jirani lilipita. Saa nane usiku mtoto wao alikohoa, kisha akaanza kulia, kile kilio cha kuamka gizani mahali asipopafahamu. Nilikuwa nimeshakaa kitandani, miguu iko chini, natafuta ndala, kabla sijakumbuka kwamba huyo si wangu na mama yake yupo naye. Nililala tena lakini usingizi haukurudi. Nilisikiliza mpaka alipotulia, na hata baada ya hapo niliendelea kusikiliza.

Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu watu hutuona wazazi wa aina yangu kama tunawachukia watoto. Yule mtoto hakukosea kitu, na wazazi wake walikuwa na haki kamili ya kuwa pale. Ila mwili wa mzazi haujui kupumzika palipo na mtoto. Sikio linabaki wazi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekilipia, sikio langu lifungwe kwa siku nne, na hicho ndicho sikukipata.

Asubuhi nilienda kuonana na meneja. Tulikuwa tumelipia usiku wote minne kwa bei ile isiyorudishwa, ambayo kwa nafasi za haraka ndiyo huwa imebaki. Mwanzoni alikataa. Bahati njema, kabla ya kulipa nilikuwa nimepiga picha ya tangazo kwenye skrini ya simu. Aliitazama muda mrefu, akaingia ofisini, akarudi na kusema usiku mmoja tuliolala wanaubakiza, mitatu wanaturudishia. Alitenda haki, na nalisema hilo waziwazi. Lakini pasingekuwa na ile picha, sidhani kama tungefika popote.

Tukakaa kwenye gari, mizigo nyuma, hatujui pa kwenda. Ndipo mume wangu akasema kitu ambacho kwangu ndicho chenye thamani kuliko yote niliyojifunza safari ile: "Twende kule ninakoendaga semina."

Nilidhani anatania. Hiyo ni hoteli ya ghorofa iliyo katikati ya maofisi, watu wanalala pale wakiwa na kompyuta na vitambulisho shingoni. Hakuna bustani, hakuna anayepatangaza kwa wapenzi. Lakini hebu fikiria: nani hujaza hoteli ile? Watu wa semina na mikutano. Nao wako wapi msimu wa likizo ya shule? Wamechukua likizo, wako na watoto wao kule tulikotoka sisi. Alipiga simu moja kwa moja mapokezi, hakupitia mtandaoni. Aliyepokea akasema vyumba vipo vingi, semina zitaanza tena shule zikifunguliwa. Nikachukua simu nikauliza mwenyewe: wiki hii mna harusi? Mna kambi ya michezo, mna kundi lolote la vijana? Hakuna. Chumba kina mlango wa kuunganisha? Akaangalia, akatubadilishia tukapata cha mwisho wa korido, ghorofa ya kumi na moja.

Vyumba vya aina hiyo vimejengwa kwa mtu anayehitaji kulala usiku na kuamka na kazi. Vioo ni vya tabaka mbili. Mapazia ni mazito, ukiyafunga saa sita mchana inakuwa usiku. Meza ni kubwa, tukaigeuza ya kuwekea vitabu. Alhamisi ile tulipanda lifti mara sita au saba, hatukukutana na mtu. Kwenye ukumbi wa kulia chakula meza zilipangwa zote, vitambaa vimenyooshwa, na waliokaa ni sisi, bwana mmoja mzee na gazeti lake, na wanawake wawili waliokuwa wakizungumza kwa sauti ya chini.

Upungufu upo. Bwawa la juu ya paa ni dogo, ukipiga mikono kumi umefika upande wa pili. Kwa kuwa wageni ni wachache, wamepunguza huduma: baa ya paani ilifungwa saa kumi na mbili, na asubuhi chakula kilikuwa cha aina chache kuliko mume wangu anavyokikumbuka siku za semina. Dirisha linatazama maegesho ya magari na mapaa ya mabati. Anayetaka kupiga picha za kuwaonyesha watu hatazipata. Na mazulia ya korido yana harufu ya dawa ya kusafishia ambayo haitoki puani upesi.

Lakini Ijumaa asubuhi niliamka saa nne. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka saa nne. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kitabu kimefunguka kifuani, yeye amelala mdomo wazi, na mwanga mwembamba uliopenya kwenye ukingo wa pazia umemkata usoni. Nilimtazama muda mrefu. Alipoamka alianza kunieleza habari ya kazini kwake, jambo lililomsumbua tangu mwaka jana, na akalieleza lote mpaka mwisho. Nyumbani kwetu hakuna sentensi inayofika mwisho. Daima kuna anayetaka maji, anayemshtaki mwenzake, aliyepoteza kiatu. Nilikuwa sijui kabisa kwamba alikuwa amebeba jambo lile peke yake.

Nikiulizwa leo, sipingi hoteli za watu wazima. Iliyo ya kweli, yenye umri wa chini unaohusu eneo lote, ni nzuri na ningeenda kesho. Ninachosema ni upige simu, usiamini kichwa cha tangazo, na umuulize mtu aliye hai umri huo unaanzia miaka mingapi na unaishia ukuta gani. Uliza pia jirani ni nani, maana hoteli tulivu iliyopakana na bwawa la familia haina utulivu. Na kama hiyo haipatikani kwa siku mbili ulizo nazo, tafuta mahali ambapo wateja wake wa kawaida hawapo msimu huo.

Wanaoishi karibu na mpaka wa nchi au wa jimbo wana njia nyingine ambayo sisi hatukuwa nayo, nayo ni kuangalia kalenda ya shule ya upande wa pili. Ufaransa imegawanywa kanda tatu, A, B na C, ambazo likizo zake za majira ya baridi na za majira ya machipuko hupishana. Ujerumani kila jimbo lina tarehe zake, na likizo ya kiangazi haianzi siku moja nchi nzima. Saa chache za barabara zinaweza kukutoa kwenye likizo ukaingia kwenye wiki ya kawaida ya masomo, watoto wako darasani na vyumba viko wazi.

Jumamosi usiku tuliwapigia watoto. Mdogo alizungumza nusu dakika akarudi kucheza, mkubwa akauliza kama tumemletea kitu. Tulicheka, tukazima taa. Jumapili jioni tulipokuwa tunashusha mizigo, watu wa mikutano walikuwa wameanza kuingia, mabegi yao ya magurudumu yakigonga kwenye vigae vya mapokezi, mmoja tayari yuko kwenye simu anaulizia ukumbi wa kesho.

Likizo ijayo wifi amekubali tena. Mume wangu ameshapiga simu, na chumba cha mwisho wa korido, ghorofa ya kumi na moja, wametuandikia.