Bastola ya Kujilinda: Glock 19, Makarov au Rivolva ya .38? Uchambuzi Kutoka Tabora

Mwangaluka watu wangu wa Tabora, na shikamooni wazee wangu mnaotufuatilia kutoka Urambo, Kaliua, mpaka Kasulu na Ujiji huko Kigoma. Leo mezani kuna vitu vitatu. Kabla hujarusha video mbele, tazama kwanza ninachofanya.

Magazini, hiki kiboksi cha risasi, natoa. Slaidi, hiki chuma cha juu, naivuta nyuma, naifunga ibaki hukohuko. Chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, naiangalia kwa macho, halafu naingiza ncha ya kidole kidogo mle ndani, maana jioni taa ikiwa hafifu jicho linadanganya. Tupu. Sasa nampa jamaa aliyeko nyuma ya kamera, naye anakagua upya tangu mwanzo, haniamini, na vizuri asiniamini. Hii Glock ni yangu, ina leseni. Hizi mbili ni za duka lenye leseni, na huyo aliyezikagua ndiye mwenye duka, hajaziacha hata dakika moja. Risasi hamna humu chumbani, hata moja.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, mimi nanunua asali na karanga vijijini, natembea na hela, nichukue bastola gani?" Na nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna lingine: "Ipi inaua haraka?" Hilo la pili silijibu, kwa sababu anayeuliza hivyo bado hajafikiria kitu cha msingi. Bastola ni silaha ngumu kupiga nayo shabaha kuliko bunduki ya bega. Mtutu wake mfupi, haina pa kuegemea, na mkono ukitetemeka kidogo tu risasi inakwenda pembeni kabisa. Kwa hiyo mimi nachagua bastola kwa kuuliza: hii nitaweza kuipigia mazoezi mwaka mzima bila kuichukia? Ikikuumiza mkono utaiacha kabatini. Risasi zake zikiwa za shida kupatikana, utaiacha kabatini vilevile.

Na kabla ya hapo, kama pesa unayotembea nayo inaweza kupita kwenye simu au benki, ipitishe huko. Mlango wa chuma, taa ya nje, mbwa anayebweka: vyote hivyo vinakuja kabla ya kitu kilichopo mezani hapa. Wenye maduka ya silaha wataninunia leo, lakini ndivyo ninavyoona.

Haya. Tuanze na hii nyeusi, Glock 19. Imetoka Austria. Kubwa yake, Glock 17, ndiyo iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, na hii ya 19 ikafuata mwaka 1988 ikiwa fupi kidogo. Inabeba risasi 15 kwenye magazini, risasi za milimita 9 kwa 19 (upana wa risasi kwa urefu wa ganda lake), zile zilizobuniwa na Georg Luger huko Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Ikiwa tupu bila magazini ni gramu 600 hivi. Ijaze, inakaribia gramu 850, na huo ndio uzito utakaoshinda nao kiunoni kutwa nzima, siyo ule ulioandikwa kwenye boksi.

Nisogezee kamera hapa kwenye triga. Unaona huu ulimi mdogo katikati? Huo ndio sefti, yaani kizuizi cha kufyatuka, pekee unayoiona kwa nje. Zipo nyingine mbili, ziko ndani, kazi yake ni kuzuia isijifyatue ikianguka. Lakini kidole kikishaingia hapa na kubonyeza, hakuna cha kuizuia. Hakuna swichi ya kushusha. Wengine wanaiogopa kwa sababu hiyo. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa usiku, umetoka usingizini, moyo unakwenda mbio, hutakumbuka swichi iko juu au iko chini. Ila inamtaka mtu ambaye kidole chake kimefundishwa kukaa huku pembeni, juu ya fremu, kimenyooka, mpaka aamue kupiga. Na inataka holsta, ala ya kuibebea, iwe ngumu na ifunike triga yote. Ukiichomeka kiunoni hivihivi bila holsta, kwenye suruali, siku moja kamba ya koti au kona ya shati itaingia hapa. Paja lako ndilo litakalolipa.

Ya pili ni Makarov. Ya Kirusi, jeshi la Kisovieti liliichukua mwaka 1951, risasi 8. Hapa watu wengi wananaswa: risasi yake nayo inaitwa ya milimita 9, lakini ni 9 kwa 18, siyo 9 kwa 19. Haziingiliani. Usinunue boksi la risasi kwa kusikia "za tisa" tu. Soma kitako cha risasi, soma maandishi kwenye mtutu. Hii ni chuma tupu, gramu 730, imara sana, ukiifungua ina vipande vichache mpaka unacheka. Sefti yake iko hapa kwenye slaidi kushoto: juu ni salama, chini ni tayari kupiga. Ukiipandisha juu, nyundo inashuka yenyewe bila kufyatua. Kwa mtu aliyepita jeshini hii ataiona ya kawaida. Tatizo langu nayo ni slaidi. Springi ni ngumu, mama mwenye mikono midogo au mzee mwenye baridi yabisi atahangaika kuikoki. Halafu malengeo yake, hivi vya kulengea juu ya slaidi, ni madogo mno, ukiwa na miaka hamsini na ushee lengeo la mbele hulioni vizuri.

Kuna ndugu yake, Tokarev, ile ambayo toleo lake la Kichina watu wanaiita tu "ya Kichina". Sikuileta mezani. Ya asili haina sefti ya kawaida, na risasi yake ndogo inakwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, inatoboa na kuendelea na safari. Kwa nyumba zetu, hapana.

Ya tatu rivolva, ya .38, mtutu mfupi, silinda ya risasi 5. Hii naona watu wanaidharau: "ya kizamani hiyo." Sawa, ni ya kizamani, risasi ya .38 Special ipo tangu mwisho wa karne ya 19. Lakini tazama. Silinda inafunguka, kila tundu unaliona, huhitaji mtu akueleze kama imejaa au tupu. Haina magazini ya kuharibika, haina slaidi ya kuvuta. Risasi ikigoma, unavuta triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Ubaya wake ni triga yenyewe. Kwenye Glock unavuta kama kilo mbili na nusu. Hapa ni kilo tano na zaidi, na safari ndefu. Jaribu kuvuta kilo tano kwa kidole kimoja huku umeshika kitu cha gramu mia tano na ushee bila kukitikisa. Ndiyo maana nasema hizi fupi zinaonekana rahisi dukani, halafu uwanjani zinawashinda hata watu wazoefu. Mtutu mfupi, teke kubwa, malengeo hafifu. Anayemnunulia mkewe hii kwa sababu "ni ndogo, inaingia kwenye mkoba" amemnunulia ngumu kuliko zote tatu. Na shemeji aulizwe mwenyewe, ashike mwenyewe, asichaguliwe.

Kwangu mimi, kwa mtu wa kawaida mwenye mikono mizima: Glock 19 au nyingine ya ukubwa huo inayotumia 9 kwa 19, iwe CZ, iwe Beretta, jina lisikusumbue. Rivolva kwa asiyeweza kuvuta slaidi, ila ya mtutu mrefu kidogo, inchi nne. Makarov kwa anayeijua tayari.

Kuhusu kibali sitakaa sana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, serikali ya mtaa au kijiji, yanapanda polisi na kuendelea juu. Unapata kibali kwanza, ndipo unanunua, na unanunua kwenye duka lenye leseni. Leseni ni ya mtu, siyo ya familia. Huwezi kumwazima shemeji anayesafiri kwenda Mpanda. Mwenye silaha akifariki, inakwenda polisi, hairithiwi kama baiskeli. Na hilo gobore la babu lililofichwa darini kule Sikonge, lipeleke. Polisi hutangaza vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha, vitumie.

Sasa mazoezi, na hapa nataka unisikilize.

Mazoezi mengi hayahitaji risasi. Silaha tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine na mlango umefungwa. Chagua ukuta ambao nyuma yake hamna mtu, mimi natumia huu wa matofali ya kuchoma unaotazama shamba. Bandika kikaratasi. Shika hivi: mkono wa kulia upande juu kabisa ya mpini, nyama hii kati ya dole gumba na kidole cha shahada ibane chini ya slaidi. Mkono wa kushoto ujaze nafasi iliyobaki. Madole gumba yote mawili yatazame mbele. Usiweke dole gumba la kushoto nyuma ya slaidi, itakuchana. Kwenye rivolva, usipeleke vidole mbele karibu na silinda, moto unatokea pale pembeni.

Chukua sarafu ya shilingi mia mbili. Mwenzako aiweke hapa juu ya slaidi, nyuma ya lengeo la mbele. Macho kwenye lengeo la mbele, kikaratasi kiwe na ukungu kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Bonyeza triga taratibu... taratibu... ka! Sarafu imebaki. Sasa nafanya kwa papara kama mtu mwenye hofu... umeona? Imeanguka chini ya meza huko. Ule mtikisiko uliouona hapa, kwenye umbali wa mita saba ni risasi nje ya shabaha. Kwenye Glock ukishabonyeza, vuta slaidi kidogo kuikoki tena. Dakika kumi jioni, siku chache kwa wiki, kisha sema kwa sauti "mazoezi yamekwisha" na uiondoe mkononi. Usirudi kujaribu "mara moja ya mwisho" baada ya kuijaza. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotoboa televisheni, na ikikosa televisheni inampata mtoto.

Ukienda kwenye shabaha ya kweli, nenda uwanja unaoruhusiwa, uliza polisi wa wilaya yako wakuelekeze. Usiende porini. Kule Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, ukikutwa unafyatua utaieleza mahakama kuhusu mazoezi. Miwani na vya kuziba masikio, lazima. Anza mita tatu, siyo ishirini. Shabaha ukubwa wa sahani. Kama unatumia mkono wa kulia na risasi zote zinakwenda chini kushoto, usiguse malengeo, bastola haina kosa. Ni wewe unausukuma mkono kabla ya mlio. Dawa yake: mwenzako akujazie magazini, katikati achomeke risasi ya mazoezi isiyo na baruti, usijue iko wapi. Ikifika zamu yake hakuna mlio, na wote mtaona mdomo wa bastola ukizama chini. Aibu hiyo inafundisha kuliko mimi. Na ukisikia mlio hafifu, "pu", simama hapohapo. Risasi inaweza kuwa imekwama kwenye mtutu, ukipiga nyingine juu yake mtutu unapasuka.

Usafi: kiangazi cha Tabora vumbi linaingia kila mahali. Mafuta ya bastola matone machache, basi. Ukiijaza mafuta, vumbi linageuka tope humo ndani. Wa Kigoma, nyie wa kando ya ziwa, shida yenu ni kutu, futeni jasho kila jioni.

Jambo linalonikosesha usingizi ni nyumba zetu. Vyumba vya kupanga pale Isevya, Ng'ambo, Mwanga Kigoma, unavijua: ukuta wa kati haufiki hata kwenye bati, jirani akikohoa unamwambia pole. Mlango wa mbao hauzuii risasi ya milimita 9, bati ndiyo kabisa. Kwa hiyo leo, mchana, kaa kitandani kwako utazame: mlango uko wapi, na nyuma yake analala nani? Huenda upande huo hutakiwi kupiga kamwe, hata iweje. Kama ni hivyo, mpango wako ni kufunga mlango, kupiga simu 112, kupiga yowe mtaa uamke.

Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inakupa haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayohitajika tu kwa wakati huo. Kibaka aliyechukua kuku na sasa anakimbia amekupa mgongo siyo tishio tena, na ukimpiga wewe ndiye mshtakiwa. Baa usiende nayo. Harusini usipige hewani, risasi inayopanda inashuka kwenye bati la mtu.

Sefu ifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, funguo isikae juu ya mlango ambako mtoto wa darasa la pili anajua. Holsta za kiunoni na mikoba ya akina dada nitavichambua peke yake, nimeshaazima vinne vya kujaribu. Maswali andika hapo chini, ila nakuomba usiandike namba ya silaha yako, wala mtaa unaokaa, wala kwamba unayo. Mwenye duka anadai bastola zake. Mzee, shika, zikague tena kabla hujafunga boksi.