Tumeisoma karatasi ya ndani ya boksi: asilimia za dawa za mitishamba Kampala

Tunachokipitia hapa si dawa. Ni ile karatasi iliyokunjwa mara nne inayotoka pamoja na chupa ukifungua boksi, na maandishi ya lebo nje. Ndiyo inayouza. Mteja wa soko la Owino haonjeshwi dawa kwanza. Anasomewa "imethibitishwa, inaponya asilimia 90" na mkono unaingia mfukoni. Basi tumeipima kama mtu anavyopima simu au jiko la gesi: inaahidi nini, inatoa nini, inaharibikia wapi.

Alama: 3 kati ya 10. Hizo tatu ni za namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na kipimo cha kijiko, vitu ambavyo karatasi nzuri huwa navyo na ni vya maana. Upande wa hesabu ni mwanguko mtupu.

Anza na hiyo asilimia 90. Swali lake ni moja: asilimia 90 ya nani? Chukua mfano. Watu 200 wameanza dozi. Baada ya mwezi 60 wamerudi kwa muuzaji, na 54 kati yao wanasema wamepata nafuu. Karatasi inaandika 90, kwa sababu 54 kwa 60 ni asilimia 90, na hakuna aliyedanganya. Lakini walioanza ni 200, na 54 kwa 200 ni asilimia 27. Wale 140 wako wapi? Mmoja amerudi kwao Arua, mwingine dawa imemtapisha akaitupa, mwingine amehamia kliniki na kupona huko, mwingine amezikwa. Aliyezikwa harudi kutoa ushuhuda. Ndiyo maana majaribio ya dawa yanayofanywa sawasawa humhesabu kila aliyeanza, hata aliyepotea njiani, ndani ya kundi alilopangiwa. Karatasi ikitaja asilimia bila kutaja walioanza, namba hiyo haina kazi yoyote, hata ikiwa imepigwa muhuri.

Kwenye dawa za malaria mchezo ni mwingine. Watu 100 wenye homa wananunua chupa bila kupimwa damu. Tuseme 30 wana vimelea kweli na 70 wana homa nyingine, nyingi zikiwa za virusi vinavyoondoka vyenyewe kwa siku chache. Wape wote maji ya mchele. Wiki ikiisha, karibu wote 70 wako kazini. Na kati ya wale 30, mtu mzima aliyekulia Uganda akiumwa na mbu kila msimu amejenga kinga ya kiasi. Homa yake inaweza kushuka huku vimelea vikiendelea kuishi mwilini. Kwa hiyo maji ya mchele yanaanza mechi yakiwa na asilimia 70 mkononi. Dawa inayojisifu kwa 75 imeyashinda kwa pointi 5, na hizo 5 zinaweza kuwa bahati tu.

Ndiyo sababu jaribio la dawa ya malaria haliishii kwenye "homa imeshuka". Mgonjwa hupimwa kwa darubini kabla ya kuanza, kisha hufuatiliwa kwa siku zisizopungua 28, na vimelea vikirudi, kipimo cha vinasaba hutumika kujua kama ni vilevile au ameng'atwa upya. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, tiba mpya ya kuingizwa katika mwongozo wa nchi inatakiwa iponye asilimia 95, na tiba iliyopo ikianza kushindwa kwa mgonjwa 1 kati ya 10 hubadilishwa. Ukikutana na karatasi inayosema "siku 5, damu safi", uliza imepimwa kwa nini. Kile kipimo cha haraka cha kidoleni kinachosoma HRP2, protini ya vimelea, huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekufa, kwa hiyo hakifai kuthibitisha kupona wala kushindwa. Wauzaji wengine hukisingizia wanapobanwa: "kipimo ni kibovu, dawa imefanya kazi." Safari hii wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu kipimo, ila hiyo haiwapi ushahidi kuhusu dawa.

Hapo mtu atataja artemisia, na ana haki. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa sababu ya mmea huo, na dawa tunayopewa kituo cha afya, vidonge 24 kwa mtu mzima ndani ya siku 3, imetokana nao. Lakini kilichoshinda kwenye majaribio ni kiini kilichotolewa, kikapimwa kwa miligramu na kuunganishwa na dawa ya pili. Kikombe cha chai ya majani yake kina kiasi kidogo kisichotabirika, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea wenyewe kutibu au kuzuia malaria. Ushindi wa kiini haurithiwi na majani.

Karatasi za kisukari ndizo zinazotuudhi zaidi, maana zinatumia mashine ya kweli. "Sukari ilikuwa 14, baada ya wiki mbili ni 8." Ya kwanza ilipimwa saa ngapi? Mtu aliyetoka kula matoke na chapati akasoma 14, kisha wiki mbili baadaye akapimwa alfajiri kabla ya chai akasoma 8, huenda hajabadilika chochote. Na mashine yenyewe, hata nzuri inayokidhi kiwango cha kimataifa, inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 juu au chini: ikisoma 10, ukweli unaweza kuwa 8.5 au 11.5. Kipimo kinachofaa hapa ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi siku 120 takriban. Kwa hiyo karatasi inayoahidi mageuzi ya wiki mbili imejitoa yenyewe kwenye kipimo kinachoaminika. Tena uliza kama wale wagonjwa waliacha metformin, kidonge cha kisukari cha hospitali. Kama hawakuacha, sifa ya kidonge imeandikwa kwa jina la mzizi.

Presha nayo inajishusha. Ukichagua watu waliosoma 160 leo, wengi wao kesho watasoma chini ya hapo bila kunywa kitu, kwa kuwa uliwakamata siku yao mbaya. Aliyepanda ngazi mbio, aliyembeba mtoto, aliyevalishwa mkanda wa mashine mdogo kuliko mkono wake, wote walisoma juu. Wakae dakika 5, wapimwe mara mbili, ndipo uandike. Maumivu ya mgongo na vidonda vya tumbo yako hivyohivyo: mtu hununua dawa siku maumivu yako kileleni, na kutoka kileleni njia ni ya kushuka.

Dawa ya kasoro zote hizi ni moja, nayo ni kundi la kulinganisha lililogawanywa kwa kura: wengine wapate dawa, wengine wasipate, na kura ndiyo iamue nani yuko wapi. Uganda inao mfano unaostahili kusomwa. Miaka ya 1990 THETA, shirika lililowakutanisha waganga na madaktari dhidi ya UKIMWI, lilifuatilia hapa Kampala wagonjwa wenye virusi waliopata mkanda wa jeshi, ule Waganda wanaouita kisipi. Wengine walitibiwa na waganga wa mitishamba, wengine kliniki. Vidonda vilipona kwa kasi inayokaribiana pande zote mbili, ila waliokwenda kwa waganga walionekana kupata maambukizi ya juu ya kidonda na makovu ya kuvimba kwa uchache zaidi. Ni kazi ya heshima, na mpaka wake ni huu: hakukuwa na kura. Aliyekwenda kwa mganga na aliyekwenda kliniki huenda walitofautiana kwa ukali wa ugonjwa tangu mlangoni. Hata hivyo, karatasi ya boksi ingekuwa na robo tu ya uangalifu ule, tungeipa alama 6.

Maneno "imepimwa maabara, Wandegeya" nayo yasomwe polepole. Barua ya maabara inaweza kusema hakuna madini ya risasi wala bakteria humu, au panya hawakufa kwa kipimo fulani. Hayo ni majibu ya usalama wa chupa, wala hayagusi kupona kwako. Na "inaua vimelea maabara" hata jiki inaua. Vivyo hivyo kwa Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA. Mwishoni mwa Juni 2021, wimbi la pili la korona likiwa limepamba moto, NDA iliitambua Covidex, iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa chuo kikuu cha Mbarara, kuwa tiba saidizi kwa maambukizi ya virusi. Neno "saidizi" lilikuwa na uzito, na mtaani ndilo lililoanguka kwanza. Watu walisikia "inatibu". Kisha shuhuda zikamiminika, kwa ugonjwa ambao wengi wa wanaoupata hupona hata wasiponywa kitu. Hilo haliihukumu Covidex upande wowote. Linahukumu thamani ya shuhuda.

Tuwe waadilifu: madaktari nao hukosea hesabu kwenye mabishano haya. "Wagonjwa 60 kati ya 100 wa figo wodini walikuwa wametumia mitishamba" inatisha mpaka uulize ni wangapi mtaani wametumia. Kama ni 60 kati ya 100 vilevile, mitishamba haijashtakiwa. Lazima uwalinganishe na watu wa umri na mtaa uleule wasio na ugonjwa wa figo. Na "hakuna ushahidi" mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyepima.

Kuhusu madhara, karatasi hupenda kuandika "haina madhara yoyote". Kuna hesabu fupi ya mfukoni: idadi ya watu waliotumia bila kudhurika, gawanya 3 kwa idadi hiyo. Wakiwa 30, ni 3 kwa 30, yaani madhara yanaweza bado kuwapata watu hadi 10 kati ya 100 na wewe usione hata mmoja. Wakiwa 300, ni hadi 1 kati ya 100. Jihadhari hasa na dawa ya maungo inayotuliza usiku uleule na kumpa mtu hamu ya kula. Katika nchi mbalimbali wakaguzi wamekuta deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, ndani ya dawa za namna hiyo, na sildenafili, kiini cha Viagra, ndani ya zile za nguvu za kiume. Deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anatibiwa goti huku akiharibiwa kwingine.

Mumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani ya dawa unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji, hatukuupa alama. Hauna karatasi, hauna asilimia, hausemi uongo wa namba. Lakini pia hauna kipimo: kusugua mara 10 na kusugua mara 30 ni dozi mbili tofauti, na anayekunywa mara nyingi ni mjamzito. Baadhi ya mimea huvuta uchungu kabla ya wakati.

Kabla ya kulipa, lisake jina la dawa kwenye orodha ya dawa za mitishamba ya NDA mtandaoni, ulinganishe namba na ya kwenye boksi, usome imeorodheshwa kwa tatizo gani. Kisha tumia kile kitu ambacho karatasi hizi hukichapisha kwa herufi nene kuliko vyote: namba ya simu. Piga, uliza, "Ssebo, walioanza dozi walikuwa wangapi?" Ukijibiwa "wengi sana", irudishe chupa kabla hujakata utepe wa kifuniko, maana ikishakatwa hairudishwi.